Lipi Life?

Kwa karibu miaka thelathini nimekuwa nikikana kwamba siku ile nilijua Kiingereza.

Nilikijua. Si chote, maana hata leo sikijui chote, na wanafunzi wangu wa chuo hunikumbusha hilo kwa upole. Lakini neno lile moja, la herufi nne, nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi. Nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani, aina ya binti anayewasahihisha watu wazima matamshi kanisani. Kaka yangu ameniuliza habari ya neno lile mara nne maishani: mara moja kwa barua, mara mbili ana kwa ana, na mara moja kwenye msiba wa baba, tukipanga viti. Mara zote nne nilimpa jibu lilelile. "Nilikuwa mtoto, kaka. Nilichanganya."

Sikuchanganya.

Nyumbani kwetu Mpanda, katikati ya miaka ya tisini, tulikuwa na televisheni wakati mji wenyewe haukuwa na matangazo ya televisheni. Baba alikuwa fundi wa njia ya reli, na televisheni aliachiwa na bosi wake aliyehamishwa, ambaye hakuona haja ya kuibeba kwenye treni hadi Tabora. Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na ukiiwasha ilikuonyesha chengachenga. Mama aliifumia kitambaa na kuiwekea maua ya plastiki juu. Jioni, umeme wa jenereta za mji ulipokuja, baba aliiwasha kidogo ili wageni waone kwamba ni nzima, halafu akaizima. Wageni walishukuru.

Kaka ndiye aliyeipatia kazi. Alinizidi miaka mitano, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata ziro, na baada ya kukaa nyumbani akitazamwa kwa miezi kadhaa akaenda Katumba kufanya kibarua cha tumbaku. Alikaa msimu mzima kwa familia moja iliyokuwa imepokea ndugu waliokimbia Burundi miaka ile. Ndugu hao walikuja na masufuria, godoro, na gemu la kuchomeka kwenye televisheni, ambalo mtoto wao alikuwa amekataa kuliacha. Katumba hakukuwa na umeme. Gemu lilikaa mvunguni hadi mtoto mwenyewe akalichoka kulitazama. Kaka akaliomba liwe sehemu ya ujira wake, akarudi nalo Mpanda limefungwa kwenye gunia, na baba akauliza kama hiyo ndiyo tumbaku yenyewe.

Naombwa mara kwa mara, kwa kuwa nina umri huu na mdomo huu, nitoe maoni yangu kuhusu magemu ya zamani. Watu hutegemea niseme yalikuwa mabaya lakini tuliyapenda. Mimi nasema yalikuwa mazuri na yalitutesa. Kaseti yetu iliandikwa kwamba ina maelfu ya michezo. Tulihesabu tukapata tisa, iliyobaki ni hiyohiyo tisa imebadilishwa majina. Ilikataa kuwaka mpaka uipulize. Kaka alipuliza kama anayewasha moto wa kuni mbichi, nami nilipuliza kwa adabu, na hadi leo sijui kama kupuliza kulisaidia chochote.

Hakukuwa na kuhifadhi mahali ulipofika. Hilo ndilo vijana wa leo hawalielewi. Kila jioni tulianza mwanzo kabisa, daraja lilelile, gogo lilelile, ndiyo maana naweza kuikariri hatua ya kwanza ya gemu la msituni kama ninavyokariri sala. Sijawahi kuona mwisho wa gemu lolote. Mwisho niliouona mimi ulikuwa mwisho wa dizeli ya mji. Na nadhani hiyo ni tabia njema ya gemu, kutokukuahidi kwamba kazi ya jana utaikuta leo.

Gemu bora kuliko yote lilikuwa la vifaru. Wachezaji wawili mnalinda ngome moja iliyozungushiwa matofali chini ya kioo, maadui wanashuka kutoka juu. Mko upande mmoja. Lakini risasi yako ikimpata mwenzako, mwenzako anaganda hapo alipo, anapepesa, maadui wanapita. Hakuna aliyewalazimisha kupigana nyie kwa nyie. Mashine imewaachia tu nafasi. Sijaona tena gemu linaloijua familia kiasi hicho.

Na kulikuwa na pedi mbili za kuchezea. Pedi ya kwanza ilikuwa na kitufe cha kuanzia na cha kusimamisha. Pedi ya pili haikuwa navyo. Aliyetengeneza mashine ile aliona si lazima mtu wa pili aamue lolote. Kwa miezi yote ile tuliyokuwa na gemu nilishika pedi ya pili, na nilipotaka kwenda chooni ilibidi nimwombe kaka asimamishe. Alikuwa anafikiria kwanza.

Mama sasa. Mama ni Mkonongo wa upande wa Kakese, aliyejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha ngumbaru, baada ya kunizaa mimi. Alikipenda kisomo kuliko sisi wawili tuliosomeshwa bila kuomba. Alisoma kila kitu kilichokaa mbele yake: gunia la mbolea, karatasi ya sabuni, kopo la maziwa. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na alisoma kila kitu kama Kiswahili, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba herufi zilezile hukodishwa na lugha nyingine. Chini ya kikombe alisoma "made ini", akatuuliza ni ini la mnyama gani.

"La mbuzi, mama," kaka akamjibu.

"Linahusianaje na kikombe?"

"Ndiyo maana chai yake nzito."

Mama alimrushia kitambaa cha vyombo. Ninaandika haya ili ijulikane kwamba kati yetu sisi wawili, kaka ndiye aliyekuwa anamchekesha.

Masika ya mwaka ule kipande cha chuma kiliruka kutoka kwenye reli kikampata baba jicho la kulia. Hospitali walilisafisha, wakamfunga macho yote mawili ili lile zima lisihangaike na kulivuta lile lenye jeraha, wakamrudisha nyumbani asubiri treni ya kwenda Tabora kwa daktari wa macho. Treni haikuwa inakuja. Maji yalikuwa yamekula njia mahali fulani mbele, na waliotakiwa kuitengeneza walikuwa wenzake baba. Mganga wa hospitali alimwambia mama maneno machache. Likitunzwa, linaweza kupona. Likiingia vidudu, litakufa.

Kuanzia siku hiyo mama hakuwa na sala nyingine. Akichambua mchele, akifagia, akimimina uji, alisema, "Bwana, lisife. Lisife." Hakutaja jicho. Sote tulijua ni lipi.

Baba alilala kwenye mkeka sebuleni kwa sababu chumbani kulikuwa na joto. Yeye ndiye aliyetaka tuendelee kucheza. Alisema muziki wa gemu unampunguzia urefu wa jioni. Alikuwa amelala na bandeji usoni akiuliza, "Mmeshafika mtoni?" na kaka akimjibu, "Bado, baba, tuko kwenye magogo." Baada ya wiki moja alikuwa anajua kwa kusikiliza tu nani ameanguka.

Jumapili moja nilikuwa na haki zangu. Kaka alikuwa ameniahidi kwamba nikishika tena nafasi ya kwanza kwenye mtihani wa muhula atanipa pedi ya kwanza jioni nzima. Nilikuwa nimeshika. Nilimwekea ripoti mapajani. Akaitazama, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Kaa na pedi yako," akasema.

"Uliahidi."

"Niliahidi ukijua kucheza. Wa kwanza darasani, wa mwisho msituni."

Baba akacheka chini ya bandeji. Kicheko kile cha baba ndicho kilichonimaliza, si maneno ya kaka. Niliweka pedi ya pili chini na kukaa nimekunja mikono, nikimtazama kaka akicheza peke yake gemu la msituni, mtu mdogo akikimbia na kuruka. Juu ya kioo, pembeni, palikuwa na neno LIFE na namba 3.

Mama akaingia na uji wa baba. Kwa kawaida saa zile alikuwa jikoni, hajawahi kukaa mbele ya kioo kile kwa utulivu. Akapiga magoti kando ya mkeka, akapoza uji, na macho yake yakapanda yakatua kwenye maandishi kama yalivyokuwa yanatua kwenye maandishi yote.

"Li," akasoma. "Fe." Akarudia bila kukata. "Life."

Kaka aliendelea kuruka magogo.

"Lipi life?" mama akauliza.

Tulikuwa tumezoea maswali ya ini la mbuzi.

"Nyie. Nauliza, lipi life?"

"Aa, mama, hicho ni Kiingereza," kaka akasema bila kugeuka. "Inasomeka laifu. Maana yake uhai. Nina uhai mara tatu."

"Mara tatu umeupata wapi wewe?"

"Kwenye gemu, mama."

Mtu mdogo akatumbukia shimoni, muziki ukazama, namba ikawa 2.

"Mbona imepungua?" Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. Bakuli lilikuwa bado mkononi.

"Nimekufa. Zimebaki mbili."

Mama alitazama kioo, akatazama bandeji ya baba, akatazama kioo. Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe. Pale pameandikwa nini?"

Watu hudhani uongo hutoka ghafla. Mimi nilikuwa na muda wa kutosha. Niliona kabisa kilichokuwa kinampita kichwani, niliijua sala yake, nilijua neno moja langu lingemtuliza. Nilikuwa pia na ripoti yangu iliyokunjwa mkononi.

"Si Kiingereza, mama," nikasema. "Pameandikwa life. Kama ulivyosoma."

Kaka akageuka. "We mtoto una wazimu?"

"Ndivyo palivyoandikwa."

"Mama, anadanganya. Ni uhai. Naapa ni uhai."

"Usiape ndani ya nyumba yangu," mama akasema. Aliongea polepole, kama anayesoma. "Kati yenu nyie wawili, nani alipata ziro?"

Kaka akaiweka pedi ya kwanza sakafuni, taratibu, akiielekeza upande wangu. Baba akanyoosha mkono hewani akitafuta mtu wa kumshika. "Waache watoto wacheze," akasema. Mama alikuwa ameshang'oa nyaya. Alilibeba gemu na pedi zake na kaseti zake mikononi kama anayebeba sahani zilizovunjika.

"Basi life lenyewe," akasema, akatoka nalo, na tukasikia mlango wa choo cha shimo.

Treni ilikuja baada ya siku nyingi. Baba alirudi kutoka Tabora na jicho moja.

Mama hakumlaani kaka wala hakusema kwamba gemu lilimpofusha baba. Alikuwa mcha Mungu na alijua mahali pa kuweka mambo. Alisema jambo moja tu, siku baba aliporudi, akimpakulia kaka ugali. "Siku ile ulinidanganya, mwanangu. Ukaniambia ni uhai." Baada ya hapo alikuwa mpole naye kama mtu anavyokuwa mpole na ng'ombe anayejulikana kupiga teke. Kaka akisema mvua inakuja, mama alinitazama mimi. Kaka akisema bei ya sukari imepanda, mama alinitazama mimi, nami nilitikisa kichwa kukubali, na ndipo ilipopanda. Nyumba nzima mimi ndiye niliyeshika pedi ya kwanza, na sikuwa na hamu ya kucheza.

Kaka akaondoka mwaka uliofuata, kwa treni. Tabora alijifunza ufundi wa redio, kisha televisheni, kisha simu, kazi ambayo mteja analazimika kumwamini fundi. Alikuja Mpanda kwa misiba. Alimtumia mama fedha na salamu. Mama alipokea vyote viwili na akaniuliza mimi kama kweli fedha ile ameipata kwa njia halali.

Mbona sikusema? Kwanza kwa sababu ya jicho. Ningewezaje kumwambia mama ukweli wa neno wakati baba anapapasa kikombe. Baadaye nilifaulu kwenda chuo kikuu, na mama akatangaza Misunkumilo nzima, mtaani kwetu, kwamba binti yake anasoma maandishi yoyote yaliyowahi kuandikwa. Watu wakaniletea barua za benki na makaratasi ya dawa. Nilisoma shahada ya lugha. Sina haja ya kueleza kwa nini hilo linachekesha. Na baadaye tena nilijiambia ni jambo la zamani, la kitoto, gemu tu.

Kisha mwaka jana vijana fulani wanaokusanya mashine za zamani walinialika kwenye kikao chao nizungumze. Nikawasimulia. Nikaigiza mama akisoma silabi kwa silabi, nikawaigizia kaka, na nilipofika kwangu nikasema, "Mimi mtoto wa watu nikachanganya." Walicheka sana. Mmoja alifuta machozi. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimeudanganya ukumbi wa watu nisiowajua, kwa ajili ya kicheko, juu ya mgongo wa mtu yuleyule.

Kesho yake mchana nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mchana, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama, unalikumbuka gemu la kaka?"

"Nililolitumbukiza. Nalikumbuka."

"Kaka hakukudanganya. Neno lile lilikuwa uhai, kama alivyosema. Nilikuwa nalijua. Nilikudanganya mimi."

Nilisikia kuku, na mbali pikipiki ikipita. Mama ana miaka mingi sasa na huwa anajibu baada ya kumeza mate.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu baba yako yuko Tabora. Nilimwandikia mwalimu wangu wa ngumbaru zile herufi, kama nilivyoziona. Akaniambia."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Jicho lilikuwa limeshakufa, gemu liko chooni. Ningekuita mwongo, ungerudi shuleni na uso gani? Yeye shule ilikuwa imeshamshinda, wewe ulikuwa bado unayo. Nikasema, bora nimuumize mmoja."

"Kwa hiyo ulipomwambia kwamba alikudanganya..."

"Nilikuwa najua." Akameza. "Nilipomwambia vile, nilikuwa najua."

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kusamehewa. Nilikuwa hata nimefunga mlango. "Mama, inabidi tumwambie kaka."

"Ndiyo namwambia sasa."

Sikumwelewa.

"Masikio yangu si yale, simu huwa naiweka spika," mama akasema. "Yupo hapa tangu juzi, amekuja kunifungia sola. Amekaa hapa mbele yangu."

Nilimwita. Nikamwamkia, kama tulivyolelewa kumwamkia mkubwa. "Kaka, shikamoo."

"Marahaba," akaitika. Sauti ilitoka mbali na simu, ya kawaida, ya mtu anayezungumza na mteja. "Mimi miaka yote nilikuwa nakuuliza wewe peke yako," akasema. "Sikujua nilitakiwa kuwauliza wote wawili."

"Kaka, nisamehe."

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha vyuma vidogo vikigongana, labda bisibisi zikirudishwa kwenye mfuko. Mama akamwita kwa lile jina la utotoni analomwita yeye tu. Mlango ukafunguka, kuku wakakimbia.

"Mama, ametoka?"

"Ametoka."

"Amepanda juu kumalizia sola?"

Nilimsikia akinyanyuka kwa shida, akiburuza ndala hadi mlangoni, akisimama hapo.

"Hapana," akasema. "Amechukua begi lake."